Kaordinatere kadogo na sauti yetu: tusingoje studio ya mtu



Jumamosi moja mu komine ya Katuba, mpiga gita wetu wa solo aliweka gita chini katikati ya mazoezi, akasema: «Gita inanifwata ku nyuma sawa mulevi. Napiga sasa, inalia kiisha.» Tulicheka wote, lakini alikuwa anasema kweli. Gita yake ilikuwa inapita ndani ya kompyuta mbele ya kufika kwenye spika, na kompyuta ilikuwa inaichelewesha. Ilichelewa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mtu anayepiga sebene, hiyo inatosha kuharibu wimbo wote.

Kompyuta yenyewe ni ile inayojengwa juu ya karte moja, karibu ukubwa wa karte ya benki. Inaitwa Raspberry Pi. Tulichanga franga miezi mitatu kwa kuipata. Wengi walituambia: «Mulipoteza makuta. Kintu ya bei chini haifanye kazi ya studio. Muuze ordinatere ya kweli.» Wiki mbili nyuma yake, kaordinatere kale kale, gita ile ile, spika zile zile, na mpigaji hakuona tena kuchelewa kokote. Hatukununua kitu kingine. Tulibadilisha paka namna mashine ilivyopangwa.

Ndiyo maana tunaandika leo hapa, mahali ambapo mmezoea kusoma juu ya maji, barabara na haki. Kilichotukosesha sauti nzuri hakikuwa umaskini wa chombo. Kilikuwa kukosa maarifa ambayo yako ya bure, na kukosa mahali pa kuyajifunzia. Maarifa tunaweza kuyatafuta wenyewe. Mahali, tunapaomba kwa wale wanaotumia kodi yetu.

Sauti inachelewa juu ya nini?

Tueleze kwanza, juu hapa njo watu wengi wanaogopa bure.

Kompyuta haipitishi sauti tone kwa tone. Inaipima, mara nyingi mara 48,000 kwa kila sekunde. Halafu inakusanya vile vipimo sawa vile tunakusanya maji mu bidon. Bidon ikijaa, inapelekwa kwa programu. Programu inafanya kazi yake, inaongeza mwangwi ao inabadilisha sauti ya gita, kisha inapeleka bidon nyingine kwenye spika. Sisi wa mitaa ambako maji ya robine yanakuja usiku wa manane, mambo ya bidon tunayaelewa bila mwalimu.

Ukitumia bidon kubwa, ya vipimo 1,024, kila bidon inabeba milisekunde 21 za sauti. Moja inajaa kwenye mlango wa kuingia, mbili zinangoja kwenye mlango wa kutoka. Jumla ni milisekunde 64. Ukitumia bidon ndogo ya vipimo 128, hesabu ile ile inatoa milisekunde 8. Ongeza kidogo juu ya karte ya sauti yenyewe, unafika karibu na 10.

Hesabu hiyo ina maana gani kwa mpigaji? Sauti hewani inatembea karibu mita 343 kwa sekunde. Milisekunde 64 ni sawa na kusimama mita 22 mbali na spika yako. Jaribu kupiga solo hapo, na ngoma iko mbele yako. Milisekunde 8 ni chini ya mita 3: mpigaji amekaa karibu na spika yake kama siku zote, na masikio hayalalamiki.

Sasa, kwa nini kila mtu hatumii bidon ndogo? Juu bidon ndogo inataka mbebaji ambaye hachelewi hata mara moja. Kama kompyuta inaenda kwanza kutafuta Wi-Fi, ao kuchora picha kwenye ekra, ao kuandika kwenye karte ya kumbukumbu, mbebaji wa sauti anabaki mu mulongo. Spika inaomba bidon, inakuta haina kitu, na unasikia «krak». Watu wanakimbilia kusema mashine ni dhaifu. Lakini kila mtu aliyepanga mulongo ku robine anajua: maji yanaweza kuwa mengi na bado watu wakakosa, kama hakuna utaratibu wa nani anapita wa kwanza.

Kompyuta ya dola 1,000 isiyopangwa inaweza kupiga krak. Karte ndogo iliyopangwa itanyamaza na kufanya kazi.

Tulifanya nini kamili?

Tunaandika hapa ili kila mtu aweze kurudia. Hii si siri ya kampuni.

Tuliweka Linux isiyo na mapambo ya ekra, juu hatukuhitaji madirisha ya kufungua na kufunga. Tulimpa mtumiaji ruhusa ya kupitisha kazi za sauti mbele ya kazi zingine, na ruhusa ya kushika nafasi yake mu kumbukumbu bila kusukumwa. Hiyo ni mistari miwili tu ya kuandika ndani ya faili moja. Tulilazimisha prosesa ikae kwenye mwendo wake wa juu, badala ya kulala na kuamka kila mara. Tulizima Wi-Fi na Bluetooth wakati wa kupiga. Halafu tulitumia JACK, programu inayounganisha vyombo vya sauti ndani ya Linux kama nyaya kati ya pedali na amplifikateri. Tuliipanga vipimo 48,000 kwa sekunde, bidon ya 128, bidon mbili za kutoka. Pale krak iliporudi, tulipanda kwenye bidon tatu mpaka tukajua ni programu gani ilikuwa inakula nguvu. Tukaipunguza, tukarudi kwenye mbili.

Kuhusu vyuma: Raspberry Pi 4 ina tundu la kusikilizia tu, haina tundu la mikro wala la gita. Raspberry Pi 5 hata lile la kusikilizia haina. Kwa hiyo unahitaji karte ya sauti ya USB yenye tundu la gita na la mikro. Chagua ile inayofanya kazi bila kuwekewa programu ya kiwanda chake. Linux itaitambua palepale. Usitumie spika ya Bluetooth kwa mazoezi, juu mara nyingi hiyo peke yake inachelewesha zaidi ya milisekunde 100, na utalaumu kompyuta bure. Weka kipande cha chuma cha kupoza juu ya prosesa, juu ikifika digri 80 inajipunguza mwendo yenyewe. Na kwa Raspberry Pi 4, tumia chaja inayotoa volti 5 na ampea 3 za kweli. Chaja ya telefone ya bei chini ilitusumbua siku mbili nzima: mashine ilikuwa inakosa nguvu, sisi tunatafuta kosa mu programu.

Programu zenyewe? Guitarix kwa gita. FluidSynth kwa sauti za piano, ogani na vinubi. Hydrogen kwa ngoma. Ardour kwa kurekodi na kuchanganya. Zote ni programu huru: unaweza kuzisoma ndani, kuzibadilisha, kumpa jirani yako, na hakuna mtu atakayekuita mwizi. Aliyeanzisha Ardour, Paul Davis, njo aliyeanzisha JACK pia. Na ile kanuni ya kupitisha kazi za haraka mbele ndani ya kiini cha Linux, inayoitwa PREEMPT_RT, watu waliifanyia kazi karibu miaka 20 mpaka ikaingizwa rasmi mwezi wa Septemba 2024, kwa ajili ya toleo 6.12. Miaka 20 ya jasho la watu, na sisi wa Katuba tunaipata kwa bei ya mega. Tungekuwa wajinga kuiacha.

Tulijua tena kitu cha aibu. Wengi kati yetu tuna diplome za chuo kikuu, na wawili walisoma informatiki. Walisoma mfumo wa kompyuta kwenye ubao, kwa chaki, wakaandika mtihani, wakapata alama. Hawakuwahi kugusa hata mara moja zile ruhusa tulizotaja hapo juu. Tulijifunza nyuma ya diplome, kwa telefone, usiku, wakati mega ni za bei chini.

Si gita peke yake

Mu kartie yetu kuna korali moja ambayo kinanda chake kiliacha kulia. Vibonye vilikuwa vizima, waya wa MIDI ulikuwa mzima, lakini sehemu ya ndani inayotengeneza sauti ilikufa. Fundi alisema watafute kingine. Tulichukua karte yetu, tukaunganisha waya ule, tukaweka FluidSynth, na kinanda kikaanza kulia tena. Sauti ya piano ilikuwa nzuri kuliko ile ya zamani. Kibonye kikiguswa, sauti inatoka. Mwimbishaji hakutuuliza hata swali moja juu ya milisekunde. Alipiga, akatabasamu, akaendelea.

Wiki iliyofuata korali ilinunua karte yao wenyewe na ikatulipa kazi ya kuipanga. Hazikuwa pesa nyingi. Lakini kwa ndugu mmoja kati yetu, ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya kuvaa toge kupokea malipo ya kazi aliyosomea. Alinunua unga na samaki, akapeleka kwa mama yake. Tunaandika hivyo juu tunajua ni wangapi wanatusoma wakiwa na diplome chini ya godoro.

Ulaya watu wamekwisha kugeuza jambo hili kuwa kazi. Zynthian ni sinte kamili iliyojengwa juu ya Raspberry Pi, na programu zake ziko wazi kwa kila mtu. Bela ilitoka mu chuo kikuu cha Queen Mary, London: inatumia karte nyingine ndogo, BeagleBone, na inashusha kuchelewa mpaka karibu milisekunde 1. Ni kiasi kidogo ambacho hata kompyuta kubwa za studio zinahangaika kukifikia. Waliozitengeneza walianza na vikarte vya aina hii hii na programu za aina hii hii. Walichokuwa nacho kuliko sisi ni meza ya kufanyia kazi, umeme usiokatika, na mtu wa kuwauliza swali.

Tunakumbuka 1952

Kuna habari ambayo kila kijana wa huku anapaswa kuijua. Mwaka wa 1952, mu Jadotville, muji tunaouita leo Likasi, Hugh Tracey, mtafiti aliyefanya kazi yake Afrika ya Kusini, alimrekodi kijana mmoja mpiga gita: Mwenda Jean-Bosco, mutoto wa Bunkeya, aliyeimba kwa Kiswahili chetu. Rekodi zile zilitembea dunia. Mpaka leo wapiga gita wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vyake mu wimbo «Masanga». Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika mwaka wa 1954, na iko mpaka leo Afrika ya Kusini.

Hatumtukani mtu yeyote. Bila mashine ile, pengine gita ya Mwenda ingezimika bila mtu wa mbali kuisikia. Lakini tuulize: mashine ilikuwa ya nani? Nani alichagua nyimbo za kurekodi na za kuacha? Ni wazee wangapi wa Katanga waliopiga vizuri vile vile, na gari la mashine halikupita mu muji wao?

Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Tulifurahi wote, na ilistahili. Lakini urithi usio na chombo cha kuurekodi mtaani ni karatasi. Leo mashine ya kurekodi inaingia mu mfuko wa suruali. Mzee wa kartie anayepiga gita ya zamani kwa vidole viwili, bado anaweza kurekodiwa mwaka huu, na wajukuu wake, mbele ya nyumba yake. Akiondoka bila kurekodiwa, hatutamlaumu tena mzungu.

Mipaka yake

Tusidanganyane. Kaordinatere haka hakafanyi kila kitu.

Hakatachanganya wimbo wa nyimbo za sauti 60 zenye mapambo mazito. Hapo unahitaji kompyuta kubwa. Programu nyingi zilizotengenezwa kwa Windows hazitatembea ndani yake, juu prosesa yake ni ya aina nyingine. Umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, karte ya kumbukumbu inaweza kuharibika na kila kitu kikapotea. Ilitupata mara moja. Tangu siku hiyo tunaweka nakala kamili kwenye karte ya pili, na mashine inakula kwenye pawabanki, si moja kwa moja ukutani. Hapo njo uzuri wake mwingine unaonekana: inahitaji wati chache sana, hata chini ya taa za zamani za kioo. Delestaji ikija, sinte ya studio inanyamaza, sisi tunaendelea kurekodi mu giza.

Na bei. Raspberry Pi ya kwanza ilitoka 2012 kwa dola 35, na ile ya nne mwaka 2019 ilianza kwa bei hiyo hiyo. Hiyo ilikuwa bei ya kule. Yetu ilitufikia kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya kule, juu ya safari, kodi, na «kahawa» za njiani zisizo na risiti. Kama huwezi kuipata, usikate tamaa: programu hizi zote zinatembea kwenye laptop ya okazyo, hata ya miaka kumi. Tafuta ile ambayo mtu aliiacha kwa sababu Windows inaenda pole. Weka Linux, panga kama tulivyoeleza, utashangaa.

Na kupiga pamoja kwa intaneti, mmoja Lubumbashi na mwingine Goma? Programu ziko: Jamulus, SonoBus, JackTrip. Watu wengi duniani walizitumia wakati wa korona. Lakini ndani ya mtandao wa telefone, kuchelewa kwa njia yenyewe kunapita kiasi cha mpigaji kuvumilia, na hakuna mpangilio wa karte utakaorekebisha hilo. Hapo tunahitaji nyaya za fibre zinazofika mtaani na mitandao ya ndani ya nchi inayounganishwa hapa hapa. Hiyo ni kazi ya serikali, haiwezi kuwa ya kikundi cha vijana saba.

«Bantu beko na njala»

Tunajua kuna mtu ataandika chini ya ujumbe huu: «Bantu beko na njala, vita iko Mashariki, nanyi muko munaongea mambo ya ordinatere na gita?»

Tunajibu kwa heshima. Sisi njo hao bantu. Njaa tunaijua, na ndugu zetu wa Mashariki hatujawasahau. Tumetembea kwa ajili yao na tutatembea tena. Lakini mtu asiye na kazi hapotezi wakati anapojifunza kazi. Na harakati isiyoweza kurekodi sauti yake yenyewe, itaomba kila siku ruhusa kwa wenye studio, wenye redio na wenye pesa. Sote tumeona spika zinazokodishwa kwa mkutano wa raia, halafu asubuhi mwenyewe anapiga simu na kusema «zimeharibika». Tangu tulipokuwa na chombo chetu, simu hiyo haitutishi tena.

Kuna jambo lingine. Malori yanapita hapa mchana na usiku, yanatoka Kolwezi na Likasi yakielekea mpakani. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa mu nchi yetu, na inaingia mu betri. Koltani ya Kivu inaingia mu vyombo vya elektroniki. Madini yanatoka na vumbi linabaki kwetu. Kisha vyombo vinarudi na tunavilipia mara mbili. Hatutamaliza jambo hilo kwa karte moja ya kompyuta. Lakini kijana anayejua kufungua chombo, kukipanga na kukifanya kitii, hatakubali kirahisi tena kuambiwa kwamba yeye ni wa kuchimba tu.

Tunachoomba

Kwa wenye mamlaka ya muji, ya jimbo na ya taifa, tunasema wazi:

1. Kompyuta za karte moja na vipande vyake vinavyoingizwa kwa ajili ya masomo na ufundi vipunguziwe kodi. Na orodha ya kodi hizo ibandikwe mahali pa wazi, kwa Kiswahili na Kifaransa, ili mtu alipe kilichoandikwa na apewe risiti.

2. Kila nyumba ya vijana ya komine iwe na meza moja: karte nne, karte mbili za sauti, mikro mbili, betri na paneli ya jua. Hatuombi jengo jipya, majengo yapo. Tunaomba yafunguliwe siku ya Jumamosi, na funguo zisikae mfukoni mwa mtu mmoja.

3. Vyuo vinavyofundisha informatiki na elektroniki viweke mazoezi ya kweli ya Linux mu programu ya masomo. Mwanafunzi asipate diplome bila kupanga mashine moja kwa mikono yake.

4. Redio za jamii na makanisa, ambazo zina vyombo na umeme kutushinda sisi, zifungue milango kwa saa chache kila wiki. Tutakuja na karte zetu, na tutatengeneza kinanda chenu kilichokufa.

Kwa sisi wenyewe, tunajifunga hivi:

Tunaacha programu za wizi. Zinaleta virusi, zinavunjika siku ya kazi, na huwezi kuuliza msaada kwa mtu uliyemwibia. Hatuwezi kupaza sauti juu ya viongozi wanaoiba huku mashine zetu zimejaa wizi.

Tunaandika maelezo yote kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, juu maelezo mengi yaliyopo ni ya Kiingereza na dada zetu na kaka zetu wengi wanaishia kwenye mstari wa kwanza.

Tunaweka wasichana kwenye meza, mkono kwenye vibonye. Siku ya kwanza walikuja wawili na wavulana tisa, na wavulana walishika kila kitu. Tangu mara ya pili tuna kanuni: kila mtu dakika 20 kwenye mashine, mwingine anasoma kwa sauti, mwingine anaandika. Sasa anayejua kutafuta krak kutushinda sisi wote ni dada wa miaka 19 ambaye hana diplome bado.

Na tunaanza na wazee. Kabla ya mvua kuanza, tunataka kurekodi wapiga gita kumi wa zamani mu makomine yetu, kwa idhini yao, na nakala ibaki kwa familia zao. Kama unamjua mmoja mu kartie yako, njoo utuambie kwenye mkutano wa Jumamosi. Njoo na laptop yako ya okazyo pia, hata kama ekra imepasuka. Tutaiangalia pamoja.

Mpiga gita wetu wa solo, yule wa «mulevi», amerudi kwenye mazoezi. Juzi alipiga sebene nusu saa nzima kupitia kaordinatere kale kale bila kusimama. Tulipomuuliza gita inamfuata tena nyuma, alituangalia kama hatuna akili.

«Gita gani?» akasema. «Mie nilikuwa napiga tu.»

Lubumbashi, kwa niaba ya vijana wa seli yetu ya Katuba